Kamba ya Shamba la Viazi

Kila asubuhi kabla ya kengele, Enid Garthwaite alipita kwenye shamba la shule kutazama viazi. Ilikuwa Septemba 1941, vita vimepamba moto, na Uingereza nzima ililima hata viwanja vya michezo. Shamba liligawanywa kwa kamba iliyofungwa kwenye vigingi: upande mmoja walilima watoto wa kijiji. Upande wa pili walilima watoto waliohamishwa kutoka Hull kwa sababu ya mabomu.

Enid alikuwa na siri. Wiki iliyopita aling'oa vigingi, akaisogeza kamba mstari mmoja. Mstari huo aliupanda Queenie Batty wa Hull. Enid alijiambia kuwa wageni wamekuja juzi tu na ardhi ni ya kijiji. Hata hivyo, usingizi ulimpaa.

Siku hiyo Mwalimu Thwaite aliwagawia wanafunzi maneno ya kusoma kwa sauti, kutoka kwenye ahadi mpya ya wakubwa wa dunia. Mwezi uliopita viongozi wa Uingereza na Marekani walikutana baharini, wakaafikiana mambo manane kuhusu dunia itakavyokuwa baada ya vita. Mwanafunzi mmoja aliuliza ya nini kuahidiana wakati adui hajashindwa. Mwalimu alimjibu kuwa mtu akishashinda ni rahisi kujisahau, ndiyo maana huahidi mapema.

Kati ya mambo hayo manane, Enid alipewa la pili. Akasimama.

"Mipaka ya nchi isibadilishwe..." Akakwama hapo, akiikumbuka kamba.

Queenie, aliyeketi nyuma yake, akamnong'oneza: "Bila ridhaa ya wenyewe."

Enid aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Aliyeibiwa ndiye anayemwokoa mwizi wake!

"Mwalimu, nimeisogeza kamba ya shamba," alisema. "Mstari wa mwisho ni wa Queenie."

Wenzake wa kijiji walimzomea kwamba ni msaliti. Hakuketi. Aliomba ruhusa, akatoka, na darasa zima likamfuata. Aling'oa vigingi mbele yao, akavirudisha kwenye matundu ya zamani. Kisha akashika uma wa kulimia, akauchimba mstari wote peke yake mpaka viganja vikatoka malengelenge. Viazi akavitia kwenye gunia la Queenie.

"Ni vya mama," Queenie alisema. "Nyumba yetu ililipuliwa, sasa analala kwenye ukumbi wa kanisa. Nilijua tangu wiki iliyopita, shoga. Mimi huhesabu mistari yangu kila siku. Ungenyamaza hadi mavuno, ningekufukia humu humu."

"Mbona ulininong'oneza?"

"Nilitaka uyaseme yale maneno mpaka mwisho."

Mwalimu Thwaite akaikaza kamba. "Ahadi ni deni," aliwaambia. "Wakubwa wameahidi kutonyang'anya nchi za watu. Sisi tuanze na mstari wa viazi. Anayeheshimu kamba ambayo hakuna anayeilinda, huyo ndiye wa kuaminiwa."

Kesho yake Enid alisimama tena darasani. Alisoma jambo la pili lote, na hakuna aliyemnong'oneza.