Rispa na Breki ya Mbele

Kila asubuhi Rispa alianika omena, dagaa wa ziwani, akamnyonyesha binti yake Liz, kisha akapanda baiskeli kwenda zahanati ya Nyandiwa. Alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Watoto walimpenda kwa sababu aliwaimbia kabla ya kuwapa dawa.

Nyuma ya Nyandiwa imesimama milima ya Gwasi. Ng'ambo yake kuna kijiji cha Seka. Gari halifiki huko. Watoto wa Seka walikuwa hawajapata matone ya kuzuia polio. Ken, kijana wa zahanati, alijaribu kuwapelekea kwa baiskeli. Alianguka kwenye mteremko. Sanduku la dawa likapasuka, barafu ikamwagika, dawa yote ikaharibika.

Sasa ilikuwa zamu ya Rispa. Angeenda kesho, peke yake.

"Mama Liz, ile si njia, ni ukuta," alisema Zadock, mume wake. "Ken ana miguu kama ng'ombe wa plau, na bado alilala chini."

"Ken alishapona," Rispa alijibu. "Watoto wa Seka bado wanangoja."

Alasiri hiyo alikwenda kufanya mazoezi kwenye kilima cha kanisa. Alifunga mtungi wa maji kwenye keria, akateremka. Baiskeli ilipokolea mbio, alibana breki ya nyuma. Haikutosha. Akakandamiza akala yake, kiatu cha mpira wa gari, kwenye tairi la mbele. Akala ikanuka moshi. Baiskeli haikusimama mpaka ilipoingia kwenye ua wa Mama Phelesia.

Mama Phelesia alikuwa muuguzi mstaafu. Miaka mingi alizunguka Gwasi kwa baiskeli akizalisha akina mama. Alitoka nje na mwiko mkononi.

"Karibu, nyathina, mwanangu. Wageni wangu wengine hupitia mlangoni."

Rispa alicheka.

"Breki yako ya mbele iko wapi?" aliuliza Mama Phelesia.

"Iko jikoni. Tunatundikia samaki."

Nyandiwa yote ilikuwa hivyo. Mtu akinunua baiskeli, kitu cha kwanza kilikuwa kufungua breki ya mbele. Vyuma vyake vilifaa sana kutundikia samaki juu ya moshi.

"Baba Liz anasema breki ya mbele inarusha mtu," Rispa alieleza.

"Inarusha anayeibana peke yake, tena kwa ghafla. Ukiteremka, uzito wote unaenda mbele. Breki ya nyuma peke yake haiwezi. Na hiyo akala, ikikwama kwenye gurudumu, itakurusha mbali zaidi."

Walikwenda pamoja nyumbani kwa Rispa. Zadock aliposikia, alikunja uso.

"Mama, unataka kuniachia mtoto wa kunyonya?"

"Nataka mama yake arudi," alisema Mama Phelesia. "Leta spana."

Zadock aliteremsha samaki, akasugua masizi kwenye vyuma. Wakafunga breki na mipira mipya. Kisha wakarudi kilimani.

"Bana ya nyuma kwanza," Mama Phelesia alielekeza. "Ongeza ya mbele polepole. Achia kidogo, bana tena. Ukibana mfululizo, mipira itapata moto na kuisha nguvu. Kaa nyuma kwenye kiti. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Na ukikuta changarawe, shuka usukume. Kusukuma si aibu."

Rispa aliteremka mara nyingi. Mwishowe mtungi ulifika chini bila kumwaga tone.

Kesho yake kulipokucha, alimnyonyesha Liz, akamwacha kwa nyanya yake. Akafunga sanduku jipya la dawa kwenye keria kwa kamba za mpira na kulifunika kwa leso, jua lisilipige. Akaanza kupanda.

Njia ilikuwa nyembamba, imechimbwa na ng'ombe. Palipokuwa pakali alisukuma. Alikunywa maji kidogo kidogo, bila kungoja kiu. Kileleni alisimama. Ziwa lote lilikuwa chini yake, na kisiwa cha Remba kilionekana kama punje ya mtama. Hakuwa amewahi kufika juu hivyo kwa miguu yake mwenyewe.

Halafu mteremko. Ulikuwa mkali kuliko kilima cha kanisa. Bana, achia. Bana, achia. Alipokaribia kona ya mawe, pale Ken alipoangukia, mguu ulitaka kwenda kwenye tairi wenyewe. Aliurudisha kwenye pedali. Akapunguza mwendo mapema.

Baada ya kona, mbuzi walikuwa wamelala katikati ya njia. Rispa alibana nyuma, akaongeza mbele. Baiskeli ikasimama kimya. Beberu mmoja akamtazama, akaendelea kutafuna.

"Habari ya asubuhi, mzee," Rispa alimwambia, akamzunguka.

Akina mama wa Seka walikuwa wamepanga foleni kivulini. Alipofungua sanduku, barafu iligonga ndani, bado ngumu. Aliimba, na midomo midogo ikafunguka. Kila mtoto alipata matone yake.

Alirudi Nyandiwa jua likiwa bado juu, matiti yamejaa maziwa. Liz alimrukia kutoka mikononi mwa nyanya yake. Ken alikuwa uani, ameshika baiskeli yake.

"Shemeji, ile kona uliipitaje?"

Rispa alimwonyesha breki ya mbele. Ken aliitazama sana, kisha akaenda jikoni kwao kuteremsha samaki.

Wengine wakafanya vivyo hivyo. Wiki hiyo, Nyandiwa nzima, watu walihangaika kutafuta pa kutundikia samaki.