Parachuti ya Baba Yake Kalondu

Mchana mmoja wa mwaka 1986 kule Migwani walikuwepo rafiki yangu Kalondu, mwanawe mgongoni, mama yake, Mwikali, na kaka yake Muthama aliyekuja na kisu.

Marehemu baba yao alikuwa rubani wa jeshi wakati wa vita vya kaskazini. Aliporudi nyumbani alikuja na parachuti kuukuu, akawa anaanika ndengu juu yake, na majirani akiwaazima. Alipokufa, hakuna mwanajeshi hata mmoja aliyekuja kumzika. Hilo lilimchoma Kalondu, na sasa Muthama alitaka kuikata parachuti hiyo awauzie washonaji wa Emali.

"Baba alirusha ndege miaka sita, wewe unamkata vipande kama nyama ya bucha?"

"Hicho ni kitambaa, Kalondu! Baba mwenyewe aliogopa hata kupanda ngazi."

"Nyamaza! Ingia ghalani uichukue mwenyewe. Mimi sikuletei!"

Mama yao alikuwa akilia, lakini alimpa Muthama tochi asijikwae. Muthama akaingia gizani. Wakasikia kitambaa kikipigapiga kama kimejaa upepo, na nje hata jani halikutikisika. Kisha kamba zikalia, kama zimebeba mzigo. Muthama akatoka mbio bila kisu.

Kalondu aliingia akaivuta nje. Mikanda yake ya kumfunga rubani kifuani ilikuwa imefungwa vifungo vyote, imekazwa kwa kipimo cha mtu mzima, na upande wa ndani ilikuwa imelowa jasho, bado la moto.

Parachuti haikukatwa. Mwaka ule walianika ndengu kwenye magunia.