Ngojeni Ninywe Maji

Wiki wakulima wanapolipwa bonasi ya majani chai, supamaketi za mji wa Kericho hazina adabu. Kila mtu ana troli, kila troli imebeba blanketi na mafuta ya kupikia, na foleni haisogei. Fancy alikuwa katikati ya foleni hiyo, kavaa jinzi, buti fupi na jaketi jekundu la shule ya udereva anakofundisha. Kwapani alikuwa na boksi zima la bazoka, zile za kutafuna, zisizo na sukari. Chupa yake ya maji ilikuwa imeisha, na ulimi ulishaanza kugandamana na kaakaa. Akanyoosha mkono kwenye friji la kando, akatoa chupa nyingine, akaifungua, akanywa.

"Madam! Lipa kwanza!" mlinzi akafoka.

"Nitalipa. Si chupa ndio hii nimeshika? Mdomo yangu haingojangi laini."

Nyuma yake mtu akacheka, tena cheko la kujiachilia.

"Bazoka boksi nzima? Unafungua kiosk?"

Fancy akageuka. Alikuwa mwanamume mrefu, koti la mvua, gambuti zenye tope, helmeti mkononi. Alinukia ng'ombe na sabuni kwa pamoja.

"Na wewe? Umelala kwa zizi?"

"Karibu. Mimi ndio napatianga ng'ombe mimba."

Foleni nzima ikageuka kumtazama.

"Kwa mrija, jameni! Mimi ni daktari wa mifugo!"

Fancy alicheka mpaka midomo ikampasuka. Jina la daktari lilikuwa Kipngetich, mtu wa Merigi kule Bomet, na kabla hawajafika kwa keshia alikuwa ameshapewa namba ya simu ya Fancy.

Basi simu zikaanza.

"Sweetie, umekunywa maji?"

"Nimekunywa, daktari wa ng'ombe. Na wewe umenawa mikono?"

"Nimenawa mpaka kwa kiwiko."

Siku moja wakila chipsi hotelini, Kipngetich aligundua kwamba kila kipande cha kiazi Fancy alikisindikiza na maji. Akamuuliza. Fancy hakuzunguka mbuyu.

"Askari wa mwili yangu wamenigeuka. Wanapiga mahali mate inatoka, na mahali machozi inatoka. Inaitwa Sjögren. Haiambukizi na haiponi. Nakunywa maji, natafuna bazoka, naweka dawa ya macho, naendelea na maisha. Na siwezi kulia, so ukiniumiza usingoje machozi."

"Na nikitaka kukukiss?"

"Nitakunywa maji kwanza."

"Nitangoja," akasema Kipngetich, na kweli akangoja, uso umemwiva kwa furaha.

Mapenzi yao yalikwenda hivyo mpaka ikafika siku ya familia ya Kipngetich kwenda kwa kina Fancy, Kabianga, kumposa. Asubuhi hiyo simu ikalia.

"Babe, kitu moja tu. Leo hiyo chupa na bazoka, weka kando."

"Kwa nini?"

"Mzee aliuguza mum mpaka akamzika. Akisikia ugonjwa, ataogopa. Nitamwambia pole pole, tukishamaliza."

"So unanificha."

"Sikufichi, mpenzi. Ni leo tu. Please."

Hapo ndipo Fancy alipokosea, na mimi namlaumu waziwazi: alikubali. Mwanamke aliyegombana na mlinzi mbele ya mji mzima alikubali kwa sababu ya neno "mpenzi". Shangazi yake Bilhah, aliyekuwa akisimamia mambo yote ya jikoni, alifurahi sana. Akaichukua chupa na kuisukuma nyuma ya gunia la mahindi.

"Msichana anayeposwa hanywi maji mbele ya wazee kama dereva wa lori," akasema.

Wageni wakafika na mzee Alexander, babake Kipngetich, mbele yao na kofia yake ya manyoya. Maombi yalikuwa marefu. Hotuba zikawa ndefu zaidi. Mwishowe Fancy akaitwa sebuleni. Alikuwa amependeza: gauni la kitenge la kijani lililomkaa sawasawa, ushanga shingoni, nywele zimesukwa kwenda juu. Babake akamuuliza swali ambalo kila msichana wa huko huulizwa.

"Fancy, mtoto wangu. Hawa wageni wanasema wanakujua. Wewe unawajua? Tuwakaribishe, ama waende?"

Swali hilo hujibiwa kwa mdomo wa msichana mwenyewe. Kuitikia kwa kichwa hakutoshi, wala mzazi hamjibii. Akinyamaza, wazee huelewa kwamba amekataa na hataki kumwaibisha mtu, na wageni huinuka bila kelele.

Fancy akafungua mdomo. Ulimi ulikuwa umenata. Alijaribu kumeza, hakukuwa na cha kumeza. Koo likatoa mkwaruzo mdogo, basi. Akamtazama Kipngetich. Neno moja tu lingetosha, "maji", na Kipngetich alilijua neno hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Kipngetich akatazama zulia.

Fancy aligeuka, akakimbilia jikoni. Alipoipata chupa nyuma ya gunia, wageni walikuwa wameshavaa kofia zao. Alipomeza funda la tatu, alisikia magari yakiwashwa. Angeweza kukimbia kuwafuata. Lakini hasira ilikuwa imemjaa mpaka miguu ikagoma.

Jioni Kipngetich akapiga.

"Ulininyamazia mbele ya baba yangu, Fancy."

"Nilikauka!"

"Ungesema neno moja tu."

"Na wewe ungesema moja! Uliniambia nifiche maji, halafu ukaangalia carpet!"

"Tulipokuwa tunatoka nilikuona kwa dirisha. Hata hukulia."

"Sina machozi, Kip! Nilikwambia tukikula chipsi!" Akakata simu. Kisha akamblock, na siku zilizofuata alifundisha watu kuendesha gari kwa ukali ambao Kericho haikuwa imeuona.

Kipngetich hakuwa mjinga sana. Alikuwa na pikipiki, gari hajui. Siku ya soko akaingia ofisi ya shule ya udereva, akalipia somo, akaenda kukaa kwenye gari lenye alama ya L. Fancy alipofungua mlango na kumwona, alitaka kuufunga tena.

"Nimelipa, mwalimu," akasema Kipngetich.

"Funga mkanda."

Alimpeleka kwenye mlima ulio mkali kupita yote, chai imelala pande zote mbili za barabara, na gari likazima mara tatu. Katikati ya mteremko Fancy akavuta breki ya mkono. Akatoa pakiti ya biskuti zile kavu zenye chumvi.

"Kula."

"Zote?"

"Jaza mdomo. Usiteme. Maji hakuna."

Kipngetich akala. Mashavu yakamvimba, unga ukamkwama kooni, macho yakamtoka.

"Sasa sema, 'Nawajua, wakaribishwe.'"

"Nawhh..." Makombo yakaruka mpaka kwenye dashibodi.

"Sema vizuri! Wazee wamekaa! Baba yako anakuangalia! Sema!"

Kipngetich alijaribu tena, akakohoa, akanyoosha mkono kuomba chupa iliyokuwa mapajani pa Fancy. Fancy aliishika kwanza. Akamtazama vizuri. Kisha akampa.

Alikunywa mpaka ikaisha. Aliponyanyua uso, alikuwa ameelewa, na aliona haya kikwelikweli.

"Nisamehe, Fancy. Hukunikataa. Mimi ndio nilikukataa, na ulikuwa umesimama hapo mbele yangu."

Moyo wa Fancy ulilainika, kwa maana alikuwa akimkumbuka mtu huyu mpaka usingizi ukamkimbia. Lakini hakuinua sauti wala kuishusha.

"Nakupenda, Kip. Lakini mtu akinitaka, anichukue na maji yangu. Sirudi kusimama kwa hiyo sebule na kitu imefichwa nyuma ya gunia."

"Nitamwambia mzee."

"Lini? Pole pole?"

Kipngetich akatoa simu pale pale, akapiga, akaweka spika. Alimweleza babake kila kitu, gari likiwa limening'inia mlimani na lori nyuma likipiga honi. Mzee Alexander akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo msichana ako hapo?"

"Niko, Baba," akasema Fancy.

"Huo ugonjwa unakuua?"

"Hapana, Baba. Unanichosha tu, na unanimaliza meno. Naenda kliniki, nakunywa maji."

"Mama ya huyu kijana alinifichanga maumivu yake mpaka tukachelewa," mzee akasema. "Siogopi mgonjwa, mama. Naogopa kufichwa. Kipngetich! Kwa nini hukuniambia, wewe mjinga? Tulitoka kwa watu kama wezi, na msichana alikuwa anataka maji!"

Walirudi Kabianga mvua zilipoanza. Mzee Alexander alikuja na kofia ile ile. Maombi yakawa marefu vile vile. Fancy alipoitwa, aliingia na gauni jekundu, na begani, kwa ukanda wa ngozi, alining'iniza chupa yake. Alikuwa ameishonea mfuko wa ngozi na shanga kama za kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa, nyeupe na buluu, ionekane na kila mwenye macho. Shangazi Bilhah alishika kichwa.

"Fancy, mtoto wangu," babake akauliza. "Hawa watu, unawajua?"

Fancy akainua mkono.

"Ngojeni ninywe maji."

Akafungua chupa. Akanywa, akazungusha maji mdomoni, akameza. Mgeni mmoja akakohoa. Shangazi akamvuta gauni kwa nyuma. Fancy akanywa tena, bila haraka yoyote, wazee wa koo mbili wakimtazama.

"Mwacheni anywe," akasema mzee Alexander. "Juzi tulikimbia. Leo tumekuja kukaa."

Fancy akafuta midomo kwa kidole.

"Nawajua," akasema, na sauti yake ilitoka safi, ikafika hadi uani. "Huyo mrefu alinifichia maji siku moja. Hatarudia. Wakaribishwe."

Kicheko kikapasua nyumba, wanawake wakapiga vigelegele, na Kipngetich akajifunika uso kwa mikono miwili kwa sababu yeye machozi alikuwa nayo.

Mursik ilipoanza kuzunguka, shangazi Bilhah alimkuta Fancy ameketi kando ya mzee Alexander, anatafuna bazoka yake mbele ya wageni wote. Shangazi akafungua mdomo kusema neno. Akaitazama chupa yenye shanga. Ilikuwa tupu.

Akaichukua, akaenda kuijaza.