Samaki wa Paka

Kila asubuhi Adelina alifagia uwanja wa shangazi yake pale Mwenge, akajaza mtungi maji, kisha akajifunga kitambaa shingoni. Kiangazi kilikuwa kimepamba moto, lakini kitambaa hakukivua. Kilificha rovu, uvimbe mbele ya koo.

Kwao Mbinga, milimani, rovu halikuwa jambo la ajabu. Mama yake alikuwa nalo, bibi yake pia. Hapa mjini alikuwa peke yake. Siku moja kwenye shamba la shule, Jovina wa darasa lake alimuuliza, "Umemeza limau?" Darasa zima likacheka. Tangu hapo Adelina alilima tuta lake peke yake, na upweke ukamtafuna.

Jioni pia alikula peke yake, kwa kuwa shangazi Rosalia alichelewa sokoni alikouza vinyago. Alimwachia ugali wa muhogo na samaki. Harufu ya samaki wa baharini ilimtia Adelina kichefuchefu, basi samaki alimrushia paka.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, shangazi."

Rovu likazidi, hata akipanda kilima pumzi zikambana. Shangazi akampeleka zahanati.

"Shikamoo, mganga," Adelina alinong'ona.

"Marahaba. Samaki mnakula?"

"Kila siku," shangazi alijibu.

Mganga Mwishehe akakunja uso. "Kama chakula hakisaidii, itabidi hospitali wampasue."

Adelina akaanza kulia. "Mie sijala hata mmoja. Nampaga paka."

"Paka huyo lazima ana shingo nzuri," mganga alisema, kisha akaeleza kwamba mwili unahitaji iodini ili koo lisivimbe. Udongo wa milimani unayo kidogo, samaki wa baharini wanayo tele, na muhogo mtupu huzidisha rovu. "Kwanza ale. Nitampima kila mwezi."

Njiani shangazi alimshika mkono. "Ungeendelea kunidanganya, ningekupoteza huku nikidhani nakulisha. Usinifiche tena. Nami nimekosea kukuacha ule peke yako."

Wakaanza kula sahani moja. Masika samaki wabichi walipoadimika, walikula ng'onda, samaki waliokaushwa juani. Kiangazi kingine kilipofika rovu lilikuwa limenywea, na Adelina akaenda shambani shingo wazi. Jovina akamtazama, akasogeza jembe lake. "Nisamehe. Tulime wote."

Jioni ile Adelina alikitandaza kitambaa mezani, akapanga ng'onda juu yake, akafunga fundo.

"Wa paka hao?" shangazi alimtania.

"Wa mama," alisema Adelina.