Neno Moja la Kirundi Lilinipotezea Yaya Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, na meno yaliyonibakia yanatosha ugali laini tu. Lakini mkasa huu ulinipata nikiwa na miaka ishirini na minane, mke wa muuza nguo hapa Rumonge, wakati wa utawala wa Mdachi. Nilikuwa mzuri, nilijua hivyo, na niliringa kweli kweli!

Watu waliniita Bi Zaina wa Ujiji. Niliwaambia nimezaliwa Ujiji kwa baba na mama waungwana... Uongo mtupu! Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, Manyema, nikaletwa huku nikiwa mtoto mdogo, katika msafara wa watu waliofungwa kamba shingoni.

Nilikuwa na dada yangu, Feza. Nilimwita yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita mkubwa wetu. Miguu yangu ilipovimba njiani, yaya ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka ziwani, na yeye mwenyewe alikuwa mtoto! Tulipofika Ujiji tukatenganishwa. Mimi nilichukuliwa na bibi mmoja aliyenilea, akanifundisha kusali, kupika na kujitanda. Yaya alichukuliwa na mtu mwingine, na sikujua tena alikokwenda.

Miaka ikapita, nikaolewa hapa Rumonge. Siku moja akaja dukani kwetu Mzee Ramazani, mkamuaji wa mawese kutoka Kigwena. Alinitazama usoni mpaka nikakasirika. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie, kama niliwahi kuitwa Kadogo.

Moyo ulinilipuka paa! Jina hilo aliniita mtu mmoja tu duniani. Mzee akasema kwao yuko mke wa mvuvi, anaitwa Feza, na sura yake na yangu ni sura moja.

Kigwena, wasomaji! Mwendo wa asubuhi moja kwa miguu! Mwenye akili angefanya nini? Angeaga na kuondoka palepale. Mimi nilimwambia mzee amsalimu sana, amwambie nitakuja.

Kwanza nilisema siwezi kwenda mikono mitupu. Nilitaka nimpelekee doti ya kanga, na kila nguo aliyoleta mume wangu niliitia kasoro. Hii rangi yake imefifia, ile maua yake makubwa mno... Ikaja mvua, nikasema njia ina matope. Ikaja Ramadhani, nikasema nitakwenda baada ya Idi. Ikaja Idi, jirani akamwoza binti yake, na mimi ndiye niliyeshika mapishi. Wangekula nini bila mimi?

Hayo yote yalikuwa visingizio. Ukweli niliujua, nao ulikuwa ukinichoma. Niliona aibu! Mke wa mvuvi, pengine na kaniki iliyochakaa, aingie uani kwangu mbele ya mabibi wa Rumonge aniite Kadogo? Ningesema nini? Nilitaka nimvishe kwanza, nimfundishe maneno ya kusema, ndipo watu wamwone. Nilikuwa nikimtamani dada yangu na kumkimbia kwa wakati mmoja.

Ndipo likaja balaa la malale, ugonjwa wa usingizi. Watu wa ufukoni walilala mchana, wakakonda, wakafa. Daktari wa Kidachi alipita akipapasa watu shingo kutafuta uvimbe wa ugonjwa, na amri ikatoka kwamba vijiji vya Kigwena vihamishwe, watu wapande milimani mbali na mbung'o. Nilipoisikia nilishtuka. Nikachagua kanga mbili siku hiyohiyo, nikaanza kuzipinda kwa sindano na uzi. Ndiyo, nilianza kupinda kanga! Hata hapo sikuondoka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Maziwa tulikuwa tukiletewa na mwanamke mmoja wa Kirundi kutoka juu, upande wa Kizuka. Miaka yote niliyoishi katika nchi yao sikujisumbua kujifunza Kirundi. Sisi tuliojiita waungwana tuliwaona wao ndio wanaopaswa kujifunza Kiswahili. Maneno mawili matatu yalinitosha. Nilipouliza maziwa naye ameyamaliza, hunijibu "Ejo, mama," na kesho yake huyaleta. Basi nikajua ejo ni kesho. Nikajiona hodari!

Asubuhi moja mwanamke huyo alikuja mbio bila kibuyu cha maziwa. Alitaja Feza, akataja Kigwena, akasema, "Bagiye ejo! Bagiye ejo!" Akaongeza maneno mengine mengi, akinivuta mkono kuelekea mlangoni, akionyesha ziwani.

Nilifurahi... Nilifurahi, wasomaji! Nilielewa kwamba watu wa Kigwena wanaondoka kesho. Nilikuwa na siku nzima mbele yangu. Nilimshukuru, "Murakoze, murakoze," nikautoa mkono wake mkononi mwangu kwa upole, nikarudi kwenye sindano. Alitikisa kichwa, akaenda zake.

Siku ile nilipinda kanga, nikachoma vitumbua, nikajipaka hina. Nilikuwa nikiimba peke yangu jikoni.

Kesho yake nilitoka alfajiri na kikapu kichwani. Nilipofika Kigwena nilikuta vibanda vimeteketezwa na vichaka vimefyekwa. Mtu mmoja tu alikuwa pale, Mzee Ramazani, akifunga vyungu vyake vya mawese ili apande mlimani.

"Hapana mutu hapa tena, mama," aliniambia. "Feza na bwana yake walienda juzi. Bwana ameogopa ile daktari, amesema heri wavuke warudi Manyema. Walienda kule kwenu Rumonge kungojea mutumbwi. Hamukuonana?"

Rumonge! Nilimwambia haiwezekani, mimi nimetumiwa habari jana tu kwamba wanaondoka ejo.

Mzee alinitazama kwa huruma ambayo siisahau. "Ejo ya Warundi ni kesho na ni jana, mama. Yote mbili. Wakisema bagiye ejo, ni kusema walishaenda jana."

Nilikaa chini, kwenye majivu, na nguo zangu nzuri. Yaya alikuwa Rumonge siku nzima! Alikuwa ufukoni pale chini nami nikichoma vitumbua! Nikamuuliza mzee, karibu kwa hasira, kwa nini basi hakuja mwenyewe nyumbani kwangu?

"Alishakuja, mama. Zamani kidogo, wakati wa mvua. Alikuona mu soko na wale mabibi wengine, umevaa muzuri. Akarudi. Akasema, 'Kadogo wangu iko muzuri, sitaki kumuharibia jina. Atakuja akipata nafasi.'"

Akipata nafasi! Ee Mungu wangu!

Nilikimbia. Kikapu sijui nilikiacha wapi. Nilifika ufukoni Rumonge jua limeshaelemea upande, nikakuta mitumbwi ya dagaa tu na wanawake wakiosha vyombo. Mwenye maziwa alikuwa miongoni mwao. Alinishika mkono, akanipeleka penye jiwe, akaketi juu yake ili nione jinsi yaya alivyoketi, akageuza uso kuelekea nyumba yangu, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole ng'ambo. Wenzake wenye Kiswahili wakaniambia walivuka jioni ya jana.

Nililia mpaka mume wangu, Salumu, akaja kunichukua. Nyumbani nilimweleza yote, asili yangu, kamba za shingoni, uongo wa Ujiji, nikingoja aniache. Salumu akashangaa tu. "Zaina, hayo nilijua kabla sijakuoa. Nani katika mji huu hakuletwa? Hata bibi yangu aliletwa." Aibu niliyoilinda kuliko dada yangu haikuwa siri kwa mtu yeyote!

Nilitaka kuvuka kumfuata. Mume wangu akasema tungoje biashara ya kiangazi iishe, nami, mjinga wa kupindukia, nikakubali. Kabla kiangazi hakijaisha, vita vya wazungu vikafika ziwani na hakuna mtumbwi ulioruhusiwa kuvuka. Nilipopata njia baada ya vita nilizunguka ng'ambo kijiji kwa kijiji nikiuliza. Mahali pamoja tu walimkumbuka mvuvi mmoja aliyetoka upande wa Mdachi. Walisema alifika na mke mgonjwa wa usingizi. Walinionyesha mgomba uliopandwa penye kaburi la mke huyo, na majani yake yalikuwa marefu kunipita.

Mume wa yaya alikuwa ameshakwenda kwingine. Sikupata mtu wa kumwomba msamaha.

Wasomaji wenzangu, najua mkimaliza kusoma mtasema maskini Bi Zaina. Huruma yenu sina kazi nayo! Wewe unayesoma una mtu wako, na unajua ni nani. Umemwambia utakuja mambo yakitulia, ukipata nguo nzuri, mvua ikikatika. Hayatatulia. Yeye anakusamehe kila siku, anawaambia majirani kwamba una shughuli nyingi, na hiyo ndiyo inayoua! Hajui kukulaumu, kwa hiyo hakuna atakayekuamsha. Basi mimi ninakuamsha. Simama uende, hata kama hujamaliza kusoma maneno haya ya mwanamke mzee.