Alama ya Baba Kwenye Mti wa Okidi

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Urambo, mtoto wa mrina asali. Haya ninayowaandikia, wasomaji wenzangu, yamenipata mwenyewe, na hadi leo mlango ukigongwa moyo unanipaa...

Kazi yangu ni kumsaidia mtafiti wa mimea, mama wa makamo tunayemwita Mama Eliza. Mwaka jana tulikwenda magharibi, mbele ya Uvinza, kwenye msitu wa mlimani ambako ukungu hauondoki mpaka mchana. Huko, juu ya mti mmoja mkubwa, nikaona okidi, ua linaloota juu ya miti, nyeupe, yenye mdomo wa kijani na vinyweleo vya zambarau. Mama Eliza aliichunguza kwa makini. Alisema haijaandikwa popote duniani! Tulizunguka sana, hatukuona mti mwingine wenye ua lile. Tukachukua shina moja la kukausha, mengine tukayaacha yatoe mbegu.

Kabla ya kuondoka nilichanja alama ya baba kwenye gome. Kwetu warina asali tunaheshimiana: mti wenye alama ya mtu haukatwi, hata mwenyewe akiwa mbali. Nilijiona nimeuwekea mlinzi.

Lakini nilikuwa na mchumba, Masanja, mrina aliyefundishwa kazi na baba yangu huyo huyo. Nilimpenda jamani! Nilimsimulia yote, hadi kijito cha kuvuka. Kumbe alishampata mnunuzi wa maua ya porini... Ningejuaje?

Tuliporudi kuangalia mbegu, Mama Eliza alibaki kambini, miguu inamsumbua. Nikatangulia peke yangu. Nikasikia shoka! Nikajitupa nyuma ya gogo. Ukungu ulikuwa mzito, naona miguu tu ya wanaume watatu. Kisha sauti ninayoijua.

"Ndio wenyewe huu. Alama ya baba mkwe hii hapa. Kateni!"

Yowe likanitoka.

"Nani huyo?" Mmoja akachomoa panga. Masanja akaja, akainama, macho yetu yakakutana. Nilimtazama mtu niliyetaka kuzaa naye, nikashindwa kujua kama ataniua au ataniokoa.

"Nyani tu," akawaambia wenzake. Akanigeuzia mgongo. Mti ukaanguka.

Mama Eliza ameliandika ua lile kwa shina moja lililokauka. Alipofika mahali pa kueleza linapopatikana, alilia kama mtoto.

Na mimi? Masanja amenionya kwamba nikifungua mdomo, wale wenzake watakuja, na safari hiyo hatasema ni nyani. Juzi baba aliniuliza kama ule mti niliomsimulia, wenye alama yake kule mlimani, bado umesimama. Nikamjibu, "Umesimama, baba." Ningesema nini? Masanja alikuwa ameketi mkekani pale pale, anakula ugali wetu, baba anamwita mwanangu!

Dada zangu, nawasihi kwa machozi... mnapopenda, bakizeni kitu kimoja ambacho mpenzi hajui njia yake. Mimi sikubakiza. Hata mlango wetu wa uani anaujua.