Ujumbe Uliomruka Mama

Kwanza niliona simu ya mama. Ilikuwa kando ya beseni la ndizi. Kila akimaliza kumenya ndizi moja, aliitazama.

"Kesho wenzangu wa kikundi wanaenda Izigo kumpongeza Violeth," alisema. "Amejifungua. Nimesikia njiani tu. Labda mgonjwa si mwanachama tena."

"Umeshapona, Mama."

"Wao ndio hawajui."

Ujumbe wa kikundi hutumwa na programu niliyoandika mimi. Nilikwenda kwa jirani yetu Safina, anayenifundisha kompyuta hapa Kagondo.

"Jovitha umekuja bila kuitwa? Leo mvua itanyesha!" alinitania.

Tulifungua programu. Nilikuwa nimeandika mzunguko wa kuwapitia wanachama mara tatu: wa mikutano, wa misiba na wa uzazi. Mama alipolazwa, niliandika katika kila mzunguko, "Mruke Consolata," yaani mama. Alipopona juzi, nilifuta maneno hayo kwenye mikutano na misiba. Kwenye uzazi nilisahau.

"Mdogo wangu," Safina aliuliza, "wageni wakija kwenu, nani anawapitishia kahawa ya kutafuna?"

"Mimi."

"Na maji ya kunawa?"

"Mimi pia."

"Unajifunza upya kuzunguka sebule?"

Nilicheka. "Nazunguka vilevile. Kinachobadilika ni ninachompa mgeni."

"Basi fanya hivyo hapa. Ndani ya programu una kitu kinachoitwa Kikundi. Kinawajua wanachama wote. Kipe mbinu moja, iite pitia. Kazi yake ni kuzunguka. Kila unapoiita, ikabidhi kipande cha msimbo, yaani maagizo ya kutekeleza kwa kila mwanachama. Leo maagizo ni kutuma habari ya uzazi. Siku nyingine ni ya msiba. Mbinu ni ileile."

"Na mtu wa kurukwa?"

"Mwandike ndani ya pitia, mahali pamoja. Ukimfuta hapo, umemfuta kote."

Niliondoa mizunguko mitatu, nikaandika mmoja ndani ya pitia, bila kumruka mama. Niliikabidhi pitia maagizo ya uzazi, kisha nikabonyeza. Wengine waliupata ujumbe mara ya pili. Si kitu.

Nyumbani nilimkuta mama amesimama, simu mkononi, anachagua mkungu wa kumpelekea mzazi.

"Hawakunisahau!" alisema.

Kwa kawaida yangu, ningenyamaza.

"Mimi ndiye niliyekuruka, Mama. Nilitaka upumzike." "Niliogopa utakufa."